London ya Nakuru na ile nyingine

Nakuru ina London yake. Iko kando ya jaa la Gioto, kreta ya Menengai ikiitazama kwa juu, na hakuna anayedhani mkazi wake ni tajiri kwa sababu ya jina. Lakini kijana wa mtaa huohuo akipanda ndege kwenda kusoma katika ile London nyingine, hata sanduku hajalifungua tumeshamhesabia mali. Shangazi anataka simu, binamu anataka karo, na kamati ya mazishi imemwekea kiwango chake peke yake: "Huyo yuko majuu."

Haya, tupige hesabu. Mwanafunzi wa shahada nchini Uingereza huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Zidisha: hazifiki 1,060 kwa mwezi, tena kama kazi ameipata na hajakosa zamu hata moja. Januari mwaka huohuo, serikali ya huko ilikuwa imepandisha fedha za kujikimu ambazo mwombaji visa lazima aonyeshe: pauni 1,136 kwa mwezi akisoma nje ya London, 1,483 akisoma London. Kwa hesabu ya wenyeji wake, basi, mshahara huo haumtoshi hata yeye. Hiyo ya kututumia inatoka wapi? Inatoka tumboni mwake, au kwenye karo.

Mtaniambia Wakenya wa ng'ambo walituma takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Ni kweli. Lakini muuguzi aliyeajiriwa miaka 15 na mtoto wa muhula wa pili hawapimwi kwa kibaba kimoja.

Kuna na wanaojifariji kwamba ugenini utamfunza kubana matumizi. Umfunze nani? Huyu amelelewa kwa mafuta ya kupima na unga wa kupima. Anajua kungoja jioni soko la Wakulima ili nyanya zishuke bei. Anajua koti la mtumba linavyochaguliwa, na sufuria moja ya githeri inavyovushwa hadi siku ya tatu. Huko aendako atafanya yaleyale: atapika Jumapili chakula cha wiki, atavizia vyakula vilivyopunguzwa bei duka likikaribia kufungwa, atatembea badala ya kupanda basi. Elimu hiyo aliondoka nayo. Sisi ndio tunaomlazimisha aisahau. Akituma picha akiwa na koti kuukuu, tunanong'ona kwamba mambo yamemharibikia. Akisema hana, tunamwita mkono birika. Basi anajifunza kukopa ili apendeze kwenye simu zetu.

"Lakini tulimchangia!" Naam, mlimchangia, nami nilikuwepo na nilitoa changu. Deni lipo. Ila hakuna mkulima wa Molo anayefukua viazi wiki ya pili kuona kama vimezaa. Anapalilia, anangoja. Harambee ilikuwa mbegu, na anayeila mbegu asilaumu shamba.

Wangari Maathai aliishi sehemu ya utoto wake katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alifanya kazi. Mwaka 1960 alikwenda kusoma Kansas, Marekani, akapata shahada ya baiolojia mwaka 1964. Nani leo anauliza alituma kiasi gani mwaka 1961? Tunachokumbuka ni miti iliyoanza kupandwa na shirika lake, Green Belt Movement, mwaka 1977.

Kwa hiyo kamati za harambee za Lanet, Njoro na Bahati, ongezeni ajenda moja: kijana asidaiwe senti hadi amalize masomo. Nawe mzazi, ukimpigia leo, usianze na "utatuma lini?" Muulize amepika nini. Akijibu ni maharagwe yaleyale ya juzi, usimhurumie wala usimcheke. Mtoto bado anakumbuka kwao.