Wasukuma Hawakumsukuma Mtu

Hoja iliyochapishwa na mwandishi mmoja, kwamba Wasukuma waliitwa hivyo kwa kuwasukuma wenyeji wa Geita, ni dhana tamu isiyo na sanadi, kwani kwa Kinyamwezi na Kisukuma, lugha ndugu, sukuma ni kaskazini, kama dakama ilivyo kusini, na majina ya jihati, kwa tabia yake, aghalabu hutolewa na jirani, kama vile makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza yalivyowapachika Wakelti wa Wales neno lenye maana ya wageni (wageni, kwao wenyewe!), ilhali wao hujiita Cymry. Isitoshe, Wasukuma waliohamia Geita, nchi ya Wazinza, walifika na jina lao tayari. Na Msukuma wa Shinyanga amwitapo jirani wa kusini Mdakama, mwandishi wetu atamtafutia kitenzi gani cha Kiswahili?