Kielelezo Kibaki Nairobi

Mvua za El Niño zilipopungua mwanzoni mwa 1998, wakazi wengi wa Nairobi walibaki na malengelenge shingoni na kope zilizovimba. Chanzo kilikuwa kidudu chembamba, chekundu na cheusi, ambacho katika mitaa ya Kibera na Kawangware kila mtu anakiita Nairobi fly. Jina hilo linakifanya inzi, kumbe ni mbawakawa. Hakiumi, sumu yake humwagika unapokiponda juu ya ngozi. Mtoto anayekipuliza badala ya kukipiga kofi ameshajifunza jambo kubwa: mdudu hutazamwa kwanza.

Makala haya yanawahusu mbawakawa wengine wanaostahili kutazamwa, wale wa milimani. Juu ya Mlima Kenya na Nyandarua, kupita mita 3,500, usiku maji huganda na mchana jua huchoma. Huko mbawakawa wengi hawaruki tena. Mbawa zao zimenywea, nao huishi chini ya mawe na ndani ya majani ya lobelia kubwa. Asiyeruka hahami mbali, ndiyo maana mlima mmoja huwa na aina isiyopatikana kwenye mlima wa pili, hata kama milima yenyewe inaonana.

Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walizuru milima hii mwaka 1911 na 1912. Waligeuza mawe, wakakusanya, wakaeleza aina nyingi ambazo sayansi haikuwa imezijua. Naiheshimu sana kazi yao. Lakini vielelezo, yaani wadudu waliowakusanya, vilikwenda Paris.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Kueleza aina mpya si kumbandika mdudu jina tu. Mtafiti humlinganisha na jamaa zake wote wenye majina. Humpasua dume na kuchora kiungo chake cha uzazi kama kinavyoonekana kwenye hadubini, maana mara nyingi tofauti hujificha hapo. Kisha huteua mdudu mmoja, mmoja tu, awe kielelezo cha jina hilo. Atakayebisha miaka 100 baadaye atarudi kwa huyo huyo. Basi kielelezo kikiwa ng'ambo, mwanafunzi wa Kawangware asiye na nauli ya ndege huachwa nje ya mjadala kuhusu mlima ambao, asubuhi anga likitakata, huonekana kutoka Nairobi.

Tena milima hii si ya watalii peke yao. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili, pamoja na yale tunayonunua Kibera kwa mtungi wa lita 20, hushuka kutoka Nyandarua na kupitia bwawa la Ndakaini. Barafu ya Mlima Kenya inazidi kuyeyuka, joto linapanda, na mdudu asiye na mbawa aliyefika karibu na kilele hana pa kupandia. Asiyepewa jina leo huenda akatoweka bila mtu kujua aliwahi kuwepo.

Kwa watafiti, wenyeji na wageni: mkieleza mbawakawa mpya wa milima yetu, kielelezo kikabidhini Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi. Nanyi walimu wa Kibera na Kawangware, makumbusho hayo si mbali: ni matatu ya kwenda mjini, kisha safari fupi. Waandikieni, muombe siku, muwapeleke wanafunzi wakafunguliwe droo za mbawakawa.