Mgongo wa mzee: si kila maumivu ni uzee

KATIKA nyumba zetu nyingi mzee akilalamikia mgongo jibu huwa tayari: "Uzee huo, baba." Anachuliwa mafuta, ananunuliwa vidonge kwenye duka la dawa, na habari inaishia hapo. Mimi nasema jibu hilo linawaponza wazee wetu.

Ni kweli kuwa maumivu mengi ya mgongo ni ya misuli na maungio yaliyochakaa. Hayo hupungua mtu akijilaza, na aghalabu hupoa ndani ya wiki chache. Mzee wa namna hii atembeetembee, asilazwe kutwa kitandani.

Lakini maumivu yanayomwamsha usiku, yasiyopungua hata akilala, tena yanazidi wiki hadi wiki, hayo si ya kuchua. Saratani ya tezi dume husambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo, na wapo wanaume ambao mgongo ndio uliowafikisha kwa daktari mara ya kwanza. Saratani ya matiti nayo hufanya hivyo kwa kina mama. Kifua kikuu, ambacho wengi hudhani ni cha mapafu tu, hushambulia pia pingili za uti wa mgongo; mgonjwa anakonda, anapata homa na jasho la usiku, na pengine hakohoi kabisa. Kwa hapa Tanzania dawa zake hutolewa bure. Halafu yuko bibi aliyeteleza kidogo, au aliyeinua ndoo tu, akashikwa ghafla. Mifupa ya mwanamke hudhoofika baada ya hedhi kukoma, na pingili huweza kuvunjika bila ajali kubwa. Huyo apigwe picha.

Liko moja ambalo wazee hulificha kwa aibu. Mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo ikibanwa, miguu huishiwa nguvu, mkojo hugoma au hutoka bila mtu kujijua, na sehemu anazokalia hufa ganzi, hata anapostanji hasikii maji. Mzee atakwenda kumuuliza sheikh kuhusu udhu wake, na wanawe asiwaambie neno. Hili halisubiri asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo, maana kuchelewa kunaweza kumwacha amepooza. Na maimamu wanaoulizwa swali hilo la udhu wamuulize mzee habari za mgongo na miguu yake.

Wapo watakaosema waanze na hijama. Sina ugomvi na hijama, ila mpiga chuku haoni ndani ya mfupa. Vidonge vya diklofenaki navyo, vikimezwa mfululizo, huumiza tumbo na figo, hasa kwa mzee mwenye presha.

Mkienda hospitali, mwelezeni daktari maumivu yalianza lini, usiku yakoje, mzee amekonda kiasi gani, na dawa zote anazotumia, za miti shamba zikiwemo. Na kama baba anaona haya kutaja habari za mkojo mbele ya binti yake, aingie na mwanawe wa kiume.