Vyuo vya Wananchi Vipewe Fungu Lake

Kila mwaka vijana zaidi ya nusu milioni hufanya mtihani wa kidato cha nne Tanzania. Mwaka 2023, waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa takriban asilimia 37. Hao wametengenezewa njia: kidato cha tano, vyuo vya kati, chuo kikuu na mkopo wa serikali juu yake. Waliobaki, pamoja na wale ambao hata kidato cha nne hawakukifikia, huambiwa wajiajiri. Wajiajiri kwa ujuzi gani, na wameupata wapi, hapo wasemaji wetu hunyamaza. Ndugu wananchi, ukimya huo hauna sababu, kwa kuwa mahali pa kuupata ujuzi huo pamekwisha kujengwa, tena kwa jina letu.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya namna hiyo alivyoviona Sweden. Leo vipo 54 chini ya Wizara ya Elimu, vingi vikiwa mbali na miji mikubwa: Nandembo huko Tunduru, Chisalu Mpwapwa, Ikwiriri Rufiji, Msaginya Mpanda. Hufundisha uashi, useremala, ushonaji, umeme wa majumbani, kilimo na ufugaji, na kinachovipa thamani ya pekee ni mlango wake. Anayeingia haulizwi kwanza alipata daraja gani. Mkulima mwenye miaka arobaini anaweza kuja kwa kozi fupi na kurudi shambani. Binti aliyekatizwa masomo na ujauzito hupokewa, na vyuo vimeweka vituo vya malezi ili mama awe darasani huku mwanawe akiangaliwa hatua chache kutoka hapo. Vilikuwa vikiwapokea mabinti hao hata kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Nani mwingine alikuwa akiwangoja?

Tatizo ni fedha za kila siku. Vyuo hivi vimehamishwa kutoka wizara moja kwenda nyingine na kurudishwa, na kwa muda mrefu vimeishi kwa miradi: kwanza msaada wa Sweden, baadaye mashirika, na miaka ya karibuni mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia uliosaidia kukarabati majengo. Ukarabati ni jambo jema. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, nayo mafunzo ya ufundi hula vifaa kila asubuhi. Karakana ya uchomeleaji isiyo na vijiti ni ukumbi wa mihadhara tu. Mwanafunzi humtazama mwalimu akichomelea mara moja, kisha huandika maelezo daftarini. Darasa la uashi bila saruji na mchanga ni vivyo hivyo. Kijana wa namna hiyo hupata cheti, na mteja wake wa kwanza ndiye anayelipia mazoezi aliyoyakosa chuoni.

Wapo watakaosema serikali haina fedha. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tusingekuwa tayari tunatoza kodi kwa ajili ya jambo hilihili. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Kwa mgawanyo uliozoeleka kwa miaka mingi, theluthi moja imekuwa ikienda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na theluthi mbili zikibaki Hazina, ambako zimesaidia kugharimia mikopo ya elimu ya juu. Simwonei kijicho mwanafunzi wa chuo kikuu. Anastahili mkopo wake. Ila si haki tozo yenye jina la fundi igharimie zaidi masomo ya shahada, wakati fundi mwenyewe anajinunulia kitambaa cha kujifunzia kushona. Wengine watauliza: si vyuo vya VETA vinajengwa wilayani? Vinajengwa, na vijengwe. Lakini chuo kipya huanza na tofali, kikasubiri walimu, kikasubiri mashine, ilhali hivi 54 vina ardhi, mabweni na walimu leo. Kuna pia wanaosema mzazi achangie. Mzazi wa mwanafunzi huyu, kama yupo, ni yuleyule aliyeshindwa kumbakiza shuleni, na ada ndiyo itakayomrudisha nyumbani.

Kwa hiyo tudai jambo moja lililo wazi: sehemu ya tozo hiyo itengwe kisheria kwa uendeshaji wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, igawanywe kwa kufuata idadi ya wanaosoma, na kila chuo kibandike kwenye ubao wake kiasi kilichopokea na kilivyotumika. Hilo la ubao nalisisitiza, maana fedha isiyoonekana haiishi kutiliwa shaka. Sheria ya fedha hupitishwa katika Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni, basi kazi yetu ianze mapema. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Liingizeni suala hili kwenye ajenda, liandikwe kwenye muhtasari, na muhtasari umfikie mbunge. Waajiri mnaolipa tozo, ulizeni kupitia vyama vyenu inakwenda wapi, kwani nanyi mnalalamika kila siku kwamba mafundi wazuri hawapatikani. Na wewe unayeishi jirani na chuo kimojawapo, pita uone karakana yake ina nini, kisha umuulize mbunge wako, mbele ya watu, atasema nini Dodoma.