Vifaa vya Mtoto Mchanga Mwenye Ulemavu Singida: Gharama Abebe Nani?

Kila ifikapo Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, maeneo mengi nchini hushuhudia ugawaji wa vifaa saidizi. Viti mwendo hupangwa uwanjani, fimbo nyeupe hukabidhiwa kwa wahitaji, na viongozi huahidi kuongeza juhudi. Ni jambo la heri linalostahili kuendelezwa. Hata hivyo, mzazi aliyembeba mgongoni mtoto wa miezi 10 ambaye shingo yake haijakaza anaweza kuondoka uwanjani hapo mikono mitupu, kwa kuwa kiti mwendo cha mtu mzima hakimfai mtoto wake. Mkoani Singida, kama ilivyo katika mikoa mingine, mahitaji ya kundi hili dogo kwa umri yanadai mpango wake.

Mahitaji hayo hutegemea aina ya ulemavu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji kiti kinachoshikilia kichwa, mgongo na nyonga ili aweze kulishwa bila kupaliwa, na baadaye fremu ya kusimamia. Aliyezaliwa na mguu kifundo huhitaji kufungwa hogo kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi nane, kisha viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau. Viatu hivyo huvaliwa saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, na baada ya hapo wakati wa kulala hadi mtoto afikishe takribani miaka minne. Mwenye uziwi huhitaji shimesikio na betri zake. Vifaa vyote hivi vina sifa moja: mtoto hukua na kuviacha. Gharama yake, kwa hiyo, hujirudia kila mara vipimo vya mwili vinapobadilika.

Muda nao una thamani ya pekee. Mguu kifundo unaoshughulikiwa katika wiki za kwanza za maisha kwa kawaida hunyooka bila upasuaji mkubwa. Ukiachwa, mtoto hujifunza kutembea kwa ubavu wa unyayo, na matibabu ya baadaye huwa magumu na ya gharama kubwa zaidi. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi wanachama kuanza huduma za utengamao katika hatua ya mapema iwezekanavyo.

Kwa familia ya Singida, bei ya kifaa ni sehemu tu ya mzigo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,008,058 katika mkoa huu wenye halmashauri saba, ambako kaya nyingi hutegemea alizeti, mazao ya chakula na mifugo. Fedha huja kwa msimu wa mavuno, ilhali hogo la mtoto haliwezi kusubiri mavuno. Mkoa una Hospitali ya Rufaa na hospitali za mashirika ya dini, na wakazi wa upande wa Mkalama huvuka pia kwenda Haydom, mkoani Manyara. Lakini baadhi ya huduma za kibingwa, zikiwamo za CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, au za KCMC mjini Moshi, ziko mamia ya kilometa kutoka nyumbani. Nauli, malazi na siku ambazo mama hayupo shambani ni gharama halisi, na mara nyingi ndizo zinazokatisha matibabu katikati.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata matunzo maalumu, matibabu na huduma za utengamao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 iliweka mfuko wa taifa pamoja na kamati za watu wenye ulemavu katika ngazi mbalimbali za utawala. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa watoto wa chini ya miaka mitano msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya umma. Aidha, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 imesamehe kodi hiyo kwa vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya watu wenye mahitaji maalumu.

Pengo linaonekana pale utekelezaji unapomfikia mtoto mchanga. Kwanza ni takwimu. Kiwango cha asilimia 11.2 cha watu wenye ulemavu kilichotokana na Sensa ya 2022 kinahusu wenye umri wa miaka saba na kuendelea. Mtoto wa kliniki hayumo katika hesabu hiyo, na halmashauri inayopanga bajeti kwa kuitegemea itamsahau bila kukusudia. Pili ni fedha. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo umefungua milango ya uchumi kwa wengi, lakini ni mkopo wa shughuli za uzalishaji na sharti urejeshwe. Kiti cha kumsaidia mtoto kukaa hakizalishi faida ya kurejesha mkopo. Tatu, msamaha wa matibabu humsaidia mzazi kumwona mtaalamu, ila ushauri wa mtaalamu huyo unaweza kuwa ni kifaa ambacho hospitali haina.

Pamoja na pengo hilo, ipo njia ambayo mzazi anaweza kuianza sasa. Hatua ya kwanza ni kliniki ya mama na mtoto, ambako dalili za ulemavu zinapaswa kuandikwa mapema kwenye kadi na mtoto kupewa rufaa kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Tathmini ya mtaalamu, yenye vipimo vya mtoto na aina ya kifaa anachohitaji, ndiyo hati inayobeba maombi yote yatakayofuata. Hatua ya pili ni ofisi ya Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, mwenye dhamana ya kuithibitisha hali ya kaya, kuiombea misamaha na kuiunganisha na wafadhili. Serikali ya kijiji au mtaa nayo ihakikishe jina la mtoto limeingia katika orodha ya watu wenye ulemavu wa eneo hilo. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF itaje hali ya mtoto wakati taarifa zake zinapohuishwa. Kwa wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa au mgongo wazi, chama cha ASBAHT huwakutanisha na wenzao waliokwisha kuipita njia hiyo.

Si kila kifaa lazima kitoke mbali. Nchini Zimbabwe ilibuniwa mbinu ya kutengeneza viti vya watoto wenye ulemavu kwa maboksi, karatasi zilizotumika na gundi ya unga; viti hivyo hukaushwa juani hadi kuwa imara, na mbinu hiyo imeenea katika nchi nyingi. Maseremala wa Singida, Manyoni na Kiomboi wanaweza kutengeneza viti vya kona na vyuma au miti ya kujishikiza mtoto anapojifunza kutembea, mradi vipimo vitoke kwa mtaalamu. Sharti hilo ni la msingi, kwani kiti kisicholingana na mwili huweza kuupindisha mgongo. Wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi hufundishwa hapa nchini, katika chuo cha TATCOT cha Moshi kilichoanza mwaka 1981.

Tatizo hili si la Singida pekee. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi. Katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini, wanaovipata ni asilimia tatu tu ya wahitaji, ilhali katika nchi tajiri hufikia asilimia 90. Ripoti hiyo ilibainisha pia kuwa watumiaji wengi hulipa kutoka mifukoni mwao.

Hatua tatu zinaweza kupunguza mzigo huo mkoani Singida. Ya kwanza ni kila halmashauri kuwa na kifungu cha ruzuku ya vifaa vya watoto wa chini ya miaka mitano, tofauti na mikopo ya asilimia mbili, kikijumuisha nauli za rufaa. Ya pili ni kuanzisha ghala dogo la vifaa katika hospitali, ambapo kiti kilichoachwa na mtoto aliyekua hurudishwa, hukarabatiwa na kupewa mwingine. Ya tatu inahusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023: kitita cha huduma kinachomlipia mtaalamu na kuacha kiatu anachokiagiza kitakuwa kimelipia nusu ya matibabu.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inasisitiza umri wa sifuri hadi miaka minane kuwa ndio unaojenga msingi wa maisha. Mtoto mwenye ulemavu ana miaka minane ileile. Kwake, mwaka mmoja wa kusubiri kifaa ni mwaka wa kulala chali huku wenzake wakijifunza kukaa, kusimama na kutembea, na hakuna bajeti ya mwaka unaofuata inayoweza kumrudishia mwaka huo.