Aliyefunga Sanduku na Atoe Ufunguo



Nilimpelekea mshairi mwenzangu tarbia ya beti saba, mishororo 28 iliyopimwa mizani. Kompyuta yangu hutumia Linux. Yake ina mfumo endeshi mwingine. Alipolifungua faili akanipigia simu: “Mwalimu, tangu lini umehamia kwenye insha?” Beti zote zilikuwa zimeshikana, zimekuwa mstari mmoja mrefu. Vina vilikuwamo na mizani ilikuwamo, lakini shairi halikuwamo.

Nilipowasimulia wenzangu, nilipata majibu mawili. La kwanza: hayo ni mambo ya mafundi, washairi hayatuhusu. La pili: sote tununue kompyuta za aina moja, udhia uishe. Nayapinga yote mawili.

Nianze na la kwanza. Kilicholivunja shairi langu ni alama ya mwisho wa mstari. Unix, pamoja na Linux iliyofuata mkondo wake, humaliza mstari kwa alama moja isiyoonekana. DOS na Windows hutumia alama mbili zinazofuatana. Macintosh za zamani zilitumia moja, lakini siyo ile ya Unix. Programu isiyojua desturi ya wenzake huipita alama ngeni kana kwamba haipo. Mwandishi wa insha hapotezi mengi hapo. Aya zake zitashikana tu. Mshairi hupoteza mshororo, na asiye na mshororo hana ubeti. Ikiwa jambo hili halituhusu sisi, linamhusu nani?

Jibu la pili ndilo lenye sumu. Kiswahili kiliposanifishwa kwa msingi wa Kiunguja, kazi iliyoshikwa na Kamati ya Lugha kuanzia 1930, Wamvita hawakuacha kutunga kwa Kimvita. Watu hawahitaji kuzaliwa mji mmoja ili waelewane. Wahitaji lugha ya kati iliyo wazi kwa kila mwenye kutaka kujifunza. Mashine nazo ni vivyo hivyo. Lugha yao ya kati mafundi huiita itifaki.

Kuna itifaki iitwayo SMB, ambayo kompyuta za Windows huitumia kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Canberra, Australia, alitaka mashine ya Unix izungumze na kompyuta za aina nyingine. Hakupewa sarufi. Alitega sikio kwenye mazungumzo ya mashine, akachunguza swali gani hupata jibu gani, kama mgeni ajifunzaye lugha sokoni. Programu iliyozaliwa akaiita Samba, jina alilolipata kwa kusaka katika orodha ya maneno yenye herufi S, M na B. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya zaidi ya euro milioni 497, ikaiamuru pia ifichue maelezo yanayohitajika ili seva za wengine ziweze kuzungumza na Windows. Kampuni ilikata rufaa, ikashindwa 2007. Mwishoni mwa mwaka huo ndipo wana-Samba walipopata njia ya kuisoma kwa mkataba sarufi waliyokuwa wakiibahatisha kwa miaka kumi na mitano.

Nitaambiwa: aliyebuni ana haki ya jasho lake. Naam, programu ni yake na bei ni yake. Lakini shairi nililolitunga kwa programu hiyo ni langu. Seremala aliyeniuzia sanduku hana haki ya kubaki na ufunguo wa nguo zangu.

Wala sisemi kwa kukisia. Mwenzetu mmoja, sasa marehemu, aliacha tungo za maisha yake katika faili la programu ambayo haiuzwi tena. Wanawe wanalo faili hilo. Wakilifungua huona vijialama visivyosomeka. Baba yao aliwaachia diwani, nao hawana hata ubeti wa kumsomea katika kumbukumbu yake.

Basi malenga, tuache kujifanya hatuhusiki. Hifadhini tungo zenu kwa maandishi matupu ya UTF-8, au kwa OpenDocument, muundo ulio wazi ambao umekuwa kiwango cha kimataifa tangu 2006. Kabla ya kulituma shairi, lifungueni kwenye mashine ya mfumo mwingine mhesabu mishororo. Na mchapishaji akidai faili la programu moja tu, muulizeni kwa nini. Nami nafunga kwa ubeti:

Malenga nawahimiza, utungo usifungiwe,
Mishororo kuiviza, ni kosa lisirudiwe,
Lugha wazi nawajuza, ndiyo hiyo itumiwe,
Aliyefunga sanduku, na ufunguo atoe.