Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Marekani na Haki ya Msikilizaji

Tarehe 4 Agosti 1987, makamishna wanne wa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama FCC, walikata shauri kwa kauli moja kuifuta Kanuni ya Uadilifu katika utangazaji. Wenye stesheni za redio na televisheni walishangilia. Walidai kwamba minyororo imekatika na uhuru wa kusema umerudi kwa wenyewe. Lakini kila panaposhangiliwa uhuru, mtu mwenye akili timamu hana budi kuuliza: uhuru huo ni wa nani, na umeondolewa mikononi mwa nani?

Kwanza ifahamike kanuni yenyewe ilikuwa nini, maana maadui zake wameipaka matope mengi. Iliwekwa na Tume hiyo mwaka 1949, nayo ilimdai mwenye leseni mambo mawili tu. La kwanza, atenge muda wa kutosha kuzungumzia masuala mazito yenye ubishi yanayowagusa wananchi. La pili, akishayazungumzia, atoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana. Haikumlazimisha kupima dakika kwa dakika kama sonara apimavyo dhahabu. Wala haikumkataza kuwa na msimamo wake. Ilichokataza ni kuugeuza mlingoti wa umma kuwa kipaza sauti cha upande mmoja.

Msingi wake ni rahisi kueleweka. Mwenye karatasi na wino aweza kuchapa gazeti lake bila kumzuia jirani kuchapa la kwake. Redio sivyo. Stesheni mbili zikitangaza katika masafa mamoja mahali pamoja, hakuna isikikayo. Hubaki kelele tupu. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1927, na ile ya mwaka 1934 iliyoiunda FCC, hazikumpa mtu yeyote umiliki wa masafa. Apewacho mtangazaji ni leseni ya muda, kwa sharti kwamba atatumikia maslahi ya umma. Kwa maneno mengine, yeye ni mdhamini. Na mdhamini wa shamba la kijiji hawezi kulilima peke yake kisha akawaambia wanakijiji wenzake waende wakanunue shamba jingine.

Matunda ya kanuni hiyo yalionekana. Katika miaka ya 1950 na 1960, stesheni ya televisheni ya WLBT, mjini Jackson katika jimbo la Mississippi, ilihudumia eneo ambalo Weusi walikuwa kiasi cha asilimia 45 ya wakazi. Weusi hao walinunua bidhaa zilizotangazwa na stesheni hiyo, lakini madai yao ya haki hayakupewa nafasi. Wenye stesheni waliutetea ubaguzi wa rangi hewani. Siku moja mwaka 1955, kipindi kilichotoka makao makuu kilipomwonyesha mwanasheria Thurgood Marshall, matangazo yalikatwa na watazamaji wakaambiwa kwamba waya zina hitilafu. Hitilafu haikuwa katika waya. Ilikuwa katika roho za wenye mitambo.

Kanisa la United Church of Christ, pamoja na wananchi wa Jackson, lilipeleka malalamiko likiishika Kanuni ya Uadilifu. Tume ilisitasita. Mwaka 1966 mahakama ya rufani ikaamua kwamba wasikilizaji na watazamaji wa kawaida wana haki ya kusimama mbele ya Tume na kuihoji leseni ya mtangazaji. Na mwaka 1969 mahakama hiyo ikabatilisha leseni ambayo stesheni hiyo ilikuwa imeongezewa. Wanyonge wa Mississippi hawakuwa na fedha za kununua stesheni. Walikuwa na kanuni, nayo iliwafaa.

Mwaka 1967 zamu ikawa ya mabepari wa tumbaku. Kufuatia malalamiko ya mwanasheria kijana, John Banzhaf, Tume iliamua kwamba stesheni inayotangaza sigara sharti itoe pia muda wa maana kwa maelezo ya madhara yake kwa afya. Makampuni yaliyozoea kununua kila kitu yakagundua kuwa kipo kisichonunulika: kimya cha anayekupinga. Kuanzia tarehe 2 Januari 1971, matangazo ya sigara yakapigwa marufuku kisheria katika redio na televisheni za nchi hiyo.

Kisha ikaja hukumu ya Red Lion. Mwezi Novemba 1964, mhubiri Billy James Hargis alimshambulia mwandishi Fred Cook katika redio moja ya mji wa Red Lion, jimbo la Pennsylvania. Cook alitaka nafasi ya kujibu bila malipo, stesheni ikakataa. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 9 Juni 1969 majaji wote walioshiriki walikubaliana kwamba katika utangazaji, haki inayotangulia ni ya msikilizaji na mtazamaji, wala si ya mwenye mitambo.

Mgala muue na haki umpe. Wapinzani wa kanuni hiyo wanayo hoja moja ya kweli, nayo isifichwe. Mwaka 1963 na 1964, watu wa chama cha Democratic waliitumia kuzisumbua stesheni ndogo za mrengo wa kulia, wakizimiminia madai ili zichoke na kuwaondoa hewani wahubiri wasiowapenda. Mwandishi wa habari Fred Friendly aliyafichua hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976, na hata shauri la Cook halikukosa mkono wao. Hilo lilikuwa kosa, na asitokee wa kulitetea. Lakini mchuuzi akichezea mizani, soko halifuti mizani, humwadhibu mchuuzi.

Hoja yao ya pili ni kwamba stesheni zimekuwa nyingi, kwa hiyo soko litaleta usawa lenyewe. Bingwa wa hoja hiyo alikuwa Mark Fowler, aliyeteuliwa na Rais Ronald Reagan kuiongoza Tume mwaka 1981. Bwana huyo aliifananisha televisheni na mashine ya kuchoma mkate, tofauti ikiwa picha tu. Mzaha huo ulifichua mengi. Mkate ukiungua, hasara ni ya mlaji mmoja. Uongo ukirushwa asubuhi kwa mamilioni ya watu wasiopewa jibu, hasara ni ya taifa zima.

Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha muswada wa kuifanya kanuni hiyo kuwa sheria kamili. Mwezi Juni, Reagan akautia kura ya turufu. Wiki chache baadaye makamishna wanne wakamaliza kazi.

Je, soko lilileta usawa? Tarehe 1 Agosti 1988, kabla hata mwaka haujatimia, Rush Limbaugh alianza kurusha kipindi chake cha maongezi ya siasa nchi nzima kutoka New York. Stesheni zikafuata mkumbo huo mmoja baada ya mwingine. Chama cha Republican kiliposhinda uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1994, wabunge wake wapya walimpa mtangazaji huyo uanachama wa heshima katika kundi lao. Hakuna ubaya mtu kuwa na chama. Ubaya ni kwamba msikilizaji wa mji mdogo, mwenye redio moja garini mwake, alisikia mtu akishtakiwa, akihukumiwa na kuchekwa, bila mshtakiwa kupewa hata dakika tano.

Zipo sababu nyingine, na ukweli unadai zitajwe. Muziki ulikuwa umehamia FM, na stesheni za masafa ya AM zilihitaji vipindi vya bei nafuu; mtu mmoja mwenye maneno makali ni rahisi kuliko bendi. Lakini biashara ilipofika mlangoni, ilikuta mlinzi ameshafukuzwa. Mwaka 1996 sheria mpya ikaondoa kikomo cha idadi ya redio ambazo kampuni moja yaweza kumiliki nchi nzima, na kampuni moja, Clear Channel, ikafikia kumiliki zipatazo 1,200. Hizo ndizo zile stesheni nyingi zilizoahidiwa: midomo elfu, tumbo moja. Mwaka 2011 maandishi ya Kanuni ya Uadilifu yakafutwa hata vitabuni. Sheria ya fursa sawa kwa wagombea ikabaki, lakini mwananchi asiye mgombea haimpi nafasi ya kujibu.

Afrika Mashariki nayo imeonja uchungu wa redio isiyo na jibu. RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwezi Julai 1993, ikiwa redio ya watu binafsi iliyopendwa kwa maongezi na muziki, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya kimbari. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wao wakiwa waasisi wa redio hiyo, ingawa rufani ya mwaka 2007 ilipunguza makosa na adhabu zao. Marekani si Rwanda, na maneno makali si mapanga. Lakini funzo moja halikwepeki: redio ile haikuwa ya wanyonge waliokwepa dola. Ilikuwa ya watu waliokaa karibu na dola, na hakuna aliyethubutu kuwadai uadilifu.

Hapa ndipo suala linapobisha hodi Tanzania. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango wa redio na televisheni za watu binafsi, na Katiba, katika ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Haki hiyo ni ya msikilizaji. Tajiri mwenye stesheni hana ruhusa ya kuibana, lakini na mkubwa mwenye cheo hana ruhusa hiyo. Kanuni ya uadilifu inayomfunga mwenye redio ya mtaani, huku ikiiachia redio ya umma au ya Chama iseme peke yake, huwa fimbo ya kuwapigia wengine. Hilo ndilo kosa walilolifanya wale wa mwaka 1963, na ndilo lililowapa akina Fowler kisingizio cha kubomoa nyumba nzima.

Chama kinachoamini kwamba siasa yake ni ya wakulima na wafanyakazi hakina sababu ya kuogopa jibu la mpinzani hewani. Kiongozi asiyeweza kuitetea hoja yake kwa nusu saa mbele ya mtu mwenye hoja nyingine aanze kwa kuikagua hoja yake, kabla hajaikagua leseni ya stesheni. Ahadi ya mwanachama ya kusema kweli daima haikuwekewa kifungu kinachosamehe saa za matangazo.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Iwe mikono hiyo ni ya bepari au ya mwenye dola, wajibu wa umma ni ule ule: kuishika ngozi upande wa pili isiachwe kuvutwa.